Shafti ya Kushoto na Timazi ya Baba

Mlio ulianzia kwenye kona za Mbuba, kwetu Ngara, wiki ile niliyokuwa namalizia majoho ya kwaya. Kila nikikata kulia, mbele upande wa kushoto palisikika ka-ka-ka, kama mtu anavunja vijiti vikavu. Nikinyoosha usukani, kimya.

Mimi ni fundi cherehani. Sikio langu limezoea mashine, na cherehani ikibadili mlio kidogo tu naacha kazi naifungua. Gari lilikuwa jambo jingine. Ulikuwa mwaka wa pili tu tangu mimi na mume wangu tulinunue, likiwa limeshatumika, ili niache kubebesha sare za shule kwenye pikipiki za watu. Bado nilikuwa naliheshimu kama mgeni: nalifuta vumbi, nalitia maji, silipekui. Mume wangu alipousikia mlio alisema ni shafti, kile chuma kinachotoa nguvu kwenye injini na kuipeleka kwenye tairi, ambacho wengine hukiita ekseli. Mpira wake umepasuka, alisema, grisi imetoka na mchanga umeingia. Mimi nikirudi safari, alisema, tutatafuta nyingine.

Safari yenyewe ilikuwa ya Nyamigogo, Biharamulo, nilikozaliwa. Kwaya ya kanisa la pale ilikuwa imeniagiza majoho kumi na manane ya zambarau, yavaliwe Jumapili. Yalikuwa tayari isipokuwa kola. Kitambaa cheupe cha kola kilikuwa kimetumwa na basi kutoka Kahama na kilinisubiri Nyakanazi. Nilipanga nikipitie Ijumaa, nilale nyumbani kwa baba, nishone kola Jumamosi kwa cherehani ya jirani. Mama mkwe wangu akasema anakwenda na mimi, kwa kuwa alikuwa hajamwona baba yangu tangu msiba wa mama.

Mama mkwe ni mtu wa maneno machache, ila hakuna kinachompita. Kiswahili chake ni cha sokoni. Nyumbani tunaongea Kihangaza, ambacho mimi Msubi nilijifunza kwake kwa kukosolewa kila siku. Alikaa mbele, mkoba magotini, na majoho tukayalaza kiti cha nyuma chini ya shuka safi.

Tulipita Benaco, tukapita Lusahunga. Tukiwa tumekaribia Nyakanazi nilitaka kulipita lori kuukuu lililokuwa linapanda mlima kwa taabu. Nikakanyaga mafuta. Pakalia mlio mmoja mzito chini ya miguu yangu, kisha injini ikanguruma na gari lisiende. Nilivyozidi kukanyaga ndivyo injini ilivyozidi kupiga kelele, na lori likatuacha taratibu. Gari likajisogeza kando ya barabara na kusimama lenyewe.

Mama mkwe aliuliza kama mafuta yameisha. Nilimwambia yapo, na nguvu ipo, ila haifiki kwenye tairi. Alifikiri kidogo, akasema basi itafutwe ilipokatikia, akafungua mlango na kushuka.

Dereva wa lori alikuwa ametuona kwenye kioo. Alisimama mbele, akarudi kwa miguu, mtu wa makamo aliyekuwa akirudi tupu kutoka Rwanda. Alimwamkia mama mkwe shikamoo, akalala chali chini ya gari letu bila kutandika kitu, na akiwa hukohuko chini akasema shafti ya kushoto imekatika kichwani. Alituvuta kwa kamba hadi Nyakanazi. Sijawahi kuendesha gari lisilo na kazi ya kufanya isipokuwa kufuata, na nilishangaa jinsi lilivyotii. Injini imezimwa, shafti imekatika, lakini usukani ulikuwa unageuza kama kawaida, ingawa mgumu. Nililiweka hilo akilini bila kujua litanisaidia nini.

Fundi ambaye dereva alitupeleka kwake alikuwa mzee wa miaka kama sitini, aliyehamia huku zamani kutoka upande wa Shinyanga. Gereji yake ilikuwa nyuma ya vibanda vya chakula: bati chache juu ya nguzo, na ardhi nyeusi iliyoshindiliwa kwa oili. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinua kichwa, maana alikuwa ameshaanza kutazama tairi.

Mama mkwe alikwenda kula ndizi na maharage. Mimi nilibaki. Nilivuta ndoo, nikaigeuza, nikakaa karibu na jeki kiasi ambacho fundi aliniambia mara mbili nisogeze miguu. Nilitaka kuona. Alifungua nati kubwa katikati ya tairi. Kisha akafungua boliti mbili nene zinazoshikisha shokapu kwenye chuma kinachobeba tairi, na chuma chote kikalegea na kuinama upande, kama mkono uliotoka begani. Pale katikati akaichomoa shafti ya zamani. Kichwa chake kilikuwa kimemeguka, na gololi zake zilikuwa zimejaa matope ya grisi na mchanga. Aliniwekea gololi moja kiganjani. Ilikuwa na makovu.

Shafti nyingine alikuwa nayo, iliyotoka kwenye gari la aina ileile. Aliingiza, akarudishia chuma, akakaza boliti mbili za shokapu, akakaza nati kubwa. Dereva wa lori alikuwa amerudi kutoka kula na amesimama nyuma yangu akichokonoa meno.

“Ukitoka hapa, mama, ukapime alaimenti,” aliniambia.

Neno nililijua, maana yake sikuijua vizuri. Alinieleza kwamba ni kupima kama matairi yanatazama mbele sawasawa na kama yamesimama wima, kwa mashine, na mashine iliyo karibu iko Kahama.

Fundi aliweka spana chini. “Ya nini? Shafti inazungusha tairi. Haielekezi. Kinachoelekeza ni usukani na vijiti vyake, na mimi sijavigusa.”

Dereva alisema yeye ameendesha malori tangu ujana, na kanuni ni moja: ukishagusa mguu wa mbele wa gari, unapima. Fundi akamuuliza kanuni hiyo aliisoma wapi. Watu wawili waliokuwa wakisubiri magari yao wakaingia kwenye mazungumzo, mmoja upande huu na mwingine upande ule, na kila mmoja alikuwa na gari la shemeji au la mchungaji la kutolea mfano. Nilimsikiliza kila mmoja na kila mmoja niliona ana haki. Moyoni nilimwelemea fundi, kwa sababu ya kile nilichokiona kwenye kamba: shafti ilikuwa imekatika kabisa, na bado gari lilikwenda nilikolielekeza. Lakini nilikuwa nimeona pia ule mkono uliotoka begani. Nilimuuliza fundi kama boliti zile mbili hazina neno na mwelekeo. Alisema zimerudi kwenye matundu yake yaleyale, zitaenda wapi. Nikachukua kitambaa changu cha kola ofisi ya basi, nikamchukua mama mkwe, tukaondoka.

Hatukufika mbali. Mlio ulikuwa umekwisha, na nikakata kulia makusudi mara mbili ili nifurahie ukimya. Lakini barabara iliponyooka nilihisi gari linataka kwenda kushoto, kwenye nyasi. Na usukani, ambao ulipaswa kukaa sawa, ulikuwa umelala upande. Nililegeza mikono kidogo ili nione, gari likaanza kuhama. Nikalirudisha. Nikalegeza tena.

“Unafanya nini?” mama mkwe aliuliza.

Nilimwambia najaribu kuelewa. Nilifikiri labda ni barabara, maana barabara za lami huinama pembeni ili maji yatoke, na gari hufuata mwinamo. Tulipofika mahali ambapo naona mbali na hakuna gari linalokuja, nilihamia upande wa kulia wa barabara, ambako mwinamo ni wa kulia. Bado gari lilitaka kushoto. Basi halikuwa suala la barabara. Mama mkwe alikuwa ameshika mkoba kwa mikono miwili, akaniambia nimalize kuelewa nikiwa upande wetu.

Baba yangu alikuwa mwashi. Kwenye nyumba nyingi za matofali pale Nyamigogo ameweka mkono wake, na ingawa magoti yamemkataza kupanda jukwaa, bado huwezi kukaa naye barazani bila kumwona anapima kwa jicho ukuta wa jirani. Alimpokea mama mkwe kwa heshima zote, wakakaa na kuulizana habari za watu wa Ngara na wa Biharamulo, walio hai na waliotangulia. Mimi nilikuwa nikizunguka gari. Baba aliniita akaniuliza nimepoteza nini.

Nilimweleza. Swali lake la kwanza lilikuwa upepo. Tairi lenye upepo mdogo huvuta upande wake, alisema, hata mkokoteni unajua hilo. Jumamosi asubuhi nilikwenda kwa mtu wa pancha, akapima matairi yote manne, yakawa sawa. Nikarudi na jibu hilo, nikakaa kwenye cherehani ya jirani nikashona kola hadi jioni, na kila nikifika mwisho wa mshono wazo lilinirudia: zitaenda wapi? Boliti zikirudi kwenye matundu yake, zitaenda wapi?

Jumapili majoho yalivaliwa. Mmoja wa sauti ya tatu alikuwa amenenepa tangu nimpime, tukamwachia mshono ubavuni dakika chache kabla ya ibada, na kola ilificha mengine. Waliimba vizuri. Mama mkwe alisema zambarau ile inawapa watu weupe wa uso, na kwake hiyo ni sifa kubwa.

Baada ya chakula baba aliniambia nilete gari kwenye ghala la mahindi la kijiji. Lilikuwa tupu, mavuno yalikuwa bado. Alisema huwezi kupima kitu juu ya ardhi isiyo sawa, na mahali pekee pa sawa Nyamigogo nzima ni sakafu ya ghala lile, kwa sababu aliimwaga yeye. Nililiingiza gari taratibu. Mama mkwe alikaa mlangoni kwenye kiti cha plastiki.

Kwanza tulipima mwelekeo. Nilitia alama kwa chaki yangu ya kukatia nguo kwenye matairi mawili ya mbele, upande wa mbele, chini kidogo ya kitovu. Tukanyoosha futi yangu ya kushonea kutoka alama hadi alama. Ilifika kwa shida. Kisha tukasukuma gari mpaka alama zikazunguka nyuma, nikalala chini, tukapima tena. Kama matairi yanatazamana puani, kipimo cha mbele kingekuwa kidogo. Kama yanapeana mgongo, kingekuwa kikubwa. Tofauti niliyoipata ilikuwa ndogo sana, unene wa mshono. Nilipima mara tatu nikiamini nimekosea. Baba alisema pale si tatizo, au kama lipo ni dogo.

Halafu akatoa mfukoni timazi yake. Ni kipande cha shaba chenye ncha, kimefungwa uzi, kinachoning'inia na kukuonyesha wima halisi. Aliushika uzi juu ya tairi la kulia, akaacha timazi itulie, nikapima nafasi kati ya uzi na ukingo wa rimu, juu na chini. Juu palikuwa na nafasi kubwa kuliko chini. Tairi lilikuwa limeingia ndani kichwani. Tukahamia kushoto. Kushoto ilikuwa kinyume: juu uzi uligusa, chini ukaacha nafasi ya kidole. Tairi lilikuwa limetoka nje kichwani.

Nilisimama nyuma kidogo nikalitazama gari kwa mbele. Sasa kwa kuwa nilijua, niliona kwa macho matupu. Matairi yote mawili yalikuwa yameinama upande mmoja, kushoto kwa gari, kama watu wawili wanaosukumwa na upepo.

Baba alikunja uzi polepole. “Nikikuta ukuta mmoja wima na mwingine umeinama, nabomoa ulioinama. Hapa yote mawili yameinama. Sijui nibomoe lipi.”

Nilimwambia ni la kushoto, kwa sababu ndilo lililofunguliwa. Alisema huenda. Alisema hivyo kwa namna ya mtu ambaye hajakubali.

Jumatatu tuliporudi nilipitia tena Nyakanazi. Nilikuwa nimejipanga njiani namna ya kusema. Nilimwamkia fundi, nikamuuliza habari za kazi, nikamweleza kwamba shafti iko vizuri kabisa na mlio umekwisha. Kisha nikamwambia gari linavuta kushoto na kwamba tumelipima kwa timazi.

Aliendelea kufuta mikono muda mrefu kuliko ilivyohitajika. “Kwa hiyo umekuja kunifundisha.”

“Hapana, fundi. Nimekuja kuuliza. Uliniambia boliti zimerudi kwenye matundu yake, nami nilikuamini. Sasa nataka kuona tundu.”

Nadhani neno hilo la mwisho ndilo lililomlainisha, au labda ni mama mkwe, ambaye alikuwa ameshashuka na kukaa kwenye ndoo yangu ya Ijumaa. Fundi alipandisha gari kwa jeki, akavua tairi, akalegeza zile boliti mbili bila kuzitoa. Akashika chuma kinachobeba tairi, akakisukuma ndani, akakivuta nje. Kilicheza. Kidogo, kama jino la mtoto linaloanza kutikisika, lakini kilicheza. Tundu la juu lilikuwa pana kuliko boliti. Boliti ilikuwa imerudi kwenye tundu lake lilelile, kama alivyosema, ila ndani ya tundu hilo kulikuwa na nafasi ya kwenda huku au kule, na ile nafasi ndogo hapa juu inakuwa kidole kizima kwenye tairi.

Nilifurahi kama mtu aliyeokota kitu. Nilimwomba akisukume tena, nione tena.

Fundi alikisukuma tena. Kisha alisema alipaswa kuweka alama kabla ya kufungua, ajue boliti ilikuwa imekaa wapi. Siku zote alikuwa anaifanya kazi hiyo kwa macho, na mara nyingi macho hayakumwangusha. Hakuniomba radhi na sikuitaka. Alirudishia tairi, akaliteremsha gari, akalitazama la kulia, akalisukuma la kushoto ndani kichwani mpaka likalingana nalo, akakaza. Tulitumia timazi ya baba, ambayo nilikuwa nimeiazima. Alipoona nafasi za pande zote mbili zinafanana alitikisa kichwa kwa kuridhika.

Barabarani kuelekea Lusahunga lilitokea jambo ambalo sikulitegemea. Gari lilianza kwenda kulia. Nilivunjika moyo. Nikalegeza mikono ili nione linakwenda kasi gani, na mara tu nilipolegeza likanyooka, likaenda kama limewekwa kwenye reli. Nikashika, likaenda kulia. Nikaachia, likanyooka. Haikuwa gari. Ilikuwa ni mimi. Mikono yangu ilikuwa inavuta kulia yenyewe.

Nilimwambia mama mkwe kwamba siku tatu zimetosha kuniharibu mkono. Alinitazama.

“Siku tatu? Mwanangu, wewe unavuta hivyo tangu mlinunue gari hili. Nilidhani ndivyo linavyoendeshwa.”

Hadi Benaco nilikuwa nikipiga hesabu. Kama nilikuwa navuta kulia miaka miwili, basi gari lilikuwa linataka kushoto miaka miwili, kabla ya shafti, kabla ya fundi, kabla ya boliti. Na kama ni hivyo, lipo jambo ambalo halikuanza Ijumaa. Nilikumbuka namna baba alivyosema huenda.

Nyumbani nilimweleza mume wangu, tukalipandisha gari kwa jeki tairi baada ya tairi. Nilipitisha kiganja kwenye tairi la kulia, upande wa ndani ambao hauonekani ukiwa umesimama. Lilikuwa limelika, laini kama goti la suruali ya mwanafunzi, ilhali upande wa nje ulikuwa na meno yake yote. Tairi la kushoto lilikuwa zima pande zote. Lile ambalo hakuna aliyeligusa ndilo lililokuwa gonjwa, na sisi tulikuwa tumelifananisha zima na gonjwa. Gari lilinyooka kwa sababu sasa yote mawili yalikuwa yamekosea sawasawa.

Wiki chache baadaye nilikwenda Kahama kununua vitambaa vya sare, nikalipeleka gari kwenye ile mashine. Dada aliyekuwa akiiendesha alifunga vioo vidogo kwenye kila tairi, na kwenye skrini ikatokea picha ya gari langu likionekana kutoka juu, na namba. Za nyuma zilikuwa za kijani. Za mbele zilikuwa nyekundu zote mbili. Nilimsimulia kisa chote kwa mpangilio, na alinisikiliza kwa makini kuliko nilivyotarajia. Alisema watu wengi humuuliza swali lile lile la dereva na fundi, kama kubadilisha shafti kunalazimu alaimenti, na yeye huwauliza kwanza ni boliti zipi zilifunguliwa. Yapo magari ambayo shafti hutoka bila kugusa chochote kinachoshikilia mwelekeo wa tairi, hayo hayahitaji. Yapo kama langu. Upande wa kushoto aliumaliza kwa dakika chache. Wa kulia ulikataa. Akaingia chini na taa, akatoka akisema shokapu ya kulia imepinda, si sana, na kupinda kwenyewe ni kwa zamani, kuna kutu kwenye mkunjo. Gari liliwahi kugonga kitu kwa upande ule.

Nikampigia simu mtu aliyetuuzia, mwalimu mstaafu wa Rulenge, mtu mpole ambaye alitupa gari likiwa na vitabu vyake vyote vya matengenezo. Nilimwamkia, nikamuuliza kwa adabu kama gari liliwahi kupata ajali. Alisema kamwe, hata kukwaruzwa. Nyuma yake nikasikia sauti ya mke wake ikiuliza nani anapiga, akamwambia, na yeye akasema kwa sauti ya kawaida tu, “Na lile karavati?” Mwalimu akasema ah, lile, lile lilikuwa karavati tu, kadaraja ka mtaro, aligonga ukingo wake, akarudi nyuma akaendelea na safari. Alicheka, nami nikacheka, na nilimsikia mke wake akicheka kwa mbali. Mwalimu alitaka sana kujua shokapu imepinda kiasi gani.

Shokapu ilibadilishwa siku ileile. Namba zote zikawa za kijani, na yule dada akanichapishia karatasi.

Nilipopita Nyakanazi kwenye kurudi nilisimama kwa fundi, kwa sababu niliona si haki yeye abaki akiamini kwamba mambo yaliishia kwake. Aliishika karatasi kwa ncha za vidole ili asiichafue, akafuata namba kwa ukucha, ya kabla na ya baada. Aliniuliza ya kulia ilikuwaje, nikamwambia habari ya karavati. Aliisoma karatasi tena.

“Kwa hiyo mimi nililifananisha na lililopinda,” alisema.

Nilimwambia sote tulilifananisha. Timazi ilikuwa yetu. Akanichukua hadi kwenye gari lililokuwa juu ya jeki, dogo kama langu, akanielekeza nitazame kwenye shokapu. Kulikuwa na mstari wa rangi nyeupe aliouchora kwa brashi, ukikatiza kichwa cha boliti na chuma chenyewe, ili ikirudi aone kama mstari umeungana. Alisema ubaya wake ni kwamba rangi inachelewa kukauka, na wateja wana haraka.

Nilifungua mkoba nikampa kipande cha chaki yangu ya bluu. Kwenye kitambaa, nilimwambia, inachora mara moja na haihitaji kukauka. Aliipokea, akainama, akachora kwenye chuma kando ya mstari wake. Chaki iliteleza juu ya oili, ikaacha ukungu mdogo wa bluu na kumeguka. Akafuta pale kwa kitambaa chenye petroli, akajaribu tena. Safari hii ilishika kidogo. Tuliinama wote wawili tukaitazama, yeye akiwa na brashi mkono mmoja na chaki mkono mwingine.